Mistari Niliyoiruka Kwenye Barua ya Robi

Tulimzika Robi siku ya Alhamisi, huku Ringwani, jua likiwa limewaka kama lina ugomvi na mtu. Nilikaa kiti cha mbele, pamoja na familia, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu walipoanza kupanga foleni ya chakula, Wegesa, binti yake mkubwa, akaja akapiga goti mbele yangu. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, poleni." "Tumeshapoa. Kuna kitu chako, mama alikiacha." Akafungua kanga iliyofungwa fundo, akatoa kopo la maziwa ya unga, lile la bati la zamani, mfuniko umeshika kutu. Nililijua hata kabla halijatoka kwenye fundo. "Alisema umsomee," Wegesa akasema. "Nikamwambia, mama, si unajua kusoma? Akasema, najua, lakini nataka anisomee Gati, na anisomee nikishalala pale. Mimi sikumwelewa, nilifikiri ni homa."

Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na tisa. Mmoja ni nesi Mugumu, mmoja ana duka Sirari, mmoja yuko jeshini na amenizidi urefu mara mbili. Wote hao ni nguvu zangu, sikusaidiwa na mtu, na anayetaka kunisikia nikijisifu aje nyumbani asubuhi, nitajisifu mpaka uji upoe. Nimewahi kumfukuza fisi kwa mwiko. Simwogopi mtu. Lakini lile kopo nilililaza mapajani, nikalitazama mpaka Wegesa akafikiri nina njaa, akakimbia kuniletea sahani ya nyama.

Basi nitaandika habari za mwaka ule wa vita, mwaka mmoja tu. Nilizaliwa wapi, baba alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo waulize wengine. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikaolewa. Lakini darasa la nne la wakati ule lilikuwa darasa kweli, na kwenye mstari wetu wa nyumba mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee wa kusoma barua. Nasema mstari kwa sababu ndivyo tulivyokaa. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye maboma yetu, kila ukoo na kilima chake, ikatupanga kwenye kijiji cha ujamaa kama meno mdomoni: nyumba, nyumba, nyumba, barabara, tena nyumba. Mama mkwe wangu alisema ameishi kuona kila kitu, sasa ameona na watu wamepandwa kama mahindi. Yeye alizoea kuamka na kuona ng'ombe. Pale aliamka akaona mlango wa mtu mwingine. Mlango huo ulikuwa wa Robi.

Sasa nieleze jambo la majina, maana hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Sisi Wakurya majina yetu ni machache, na hatuna haja ya kuongeza. Mume wangu aliitwa Chacha Mwita. Mume wa Robi aliitwa Chacha Mwita. Zamani, wakati kila mtu anakaa kwenye kilima chake, hilo halikumsumbua mtu. Wewe unasema Chacha wa kule, au Chacha wa huku, inatosha. Tulipopangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, ukiita Chacha wanageuka wawili. Kijiji kikawapa majina mapya bila kuchinja mbuzi. Wangu akawa Chacha wa Litungu, kwa sababu alikuwa anapiga litungu, zeze letu la nyuzi nane, na alipolipiga hata mama mkwe alinyamaza. Wa Robi akawa Chacha wa Pengo, maana meno yake mawili ya mbele hayakujuana.

Robi alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, mfupi, mweusi wa kung'aa, mdomo mkali kama wembe. Hakusoma hata siku moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Mimi nilikuwa Mkatoliki, nimebatizwa, nina rozari. Yeye hakwenda kanisani. Asubuhi akitoka nje alilitazama jua, akatema mate kidogo upande wake, akasema maneno aliyofundishwa na bibi yake, akaenda kukamua. "Wewe Mungu wako anataka ujifungie ndani," alikuwa ananiambia. "Wangu anatoka mwenyewe kila siku, namwona." Tulichota maji pamoja, tulipalilia shamba la kijiji pamoja, tulisaga ulezi kwenye jiwe moja. Ugali wa nyumba moja ukiiva, mtoto wa nyumba ya pili alikuwa ameshanawa mikono.

Vita vilipokuja vilikuja kwa redio. Ilikuwa moja, ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti aliiweka dirishani ili wote tusikie. Tukasikia nduli wa Uganda amevuka mpaka, amechukua nchi yetu mpaka mto Kagera, na kwamba atapigwa. Wanaume wetu waliposikia neno kupigana, nani angewazuia? Wengi walikuwa mgambo tayari. Lori lilikuja likawachukua kuwapeleka Mugumu, kutoka pale wakaenda Musoma na mbele zaidi. Chacha wangu alinipa litungu lake akasema, "Usimpe mtoto acheze nalo." Ni maneno ya mwisho aliyoniambia. Nimeyageuza miaka yote hii kutafuta kama yana kitu kingine ndani. Hayana. Alimaanisha litungu.

Barua zilianza kuja kupitia posta ya Mugumu, na mimi nikawa mtu mkubwa. Wanawake walinijia na bahasha kifuani. Nilisoma kwa Kiswahili halafu nikawaeleza kwa Kikurya. Robi alikuwa anakaa karibu kabisa, anatazama kidole changu kinavyokwenda kwenye karatasi. "Gati, wewe unasoma kama kuku anavyodonoa. Donoa taratibu, usiruke punje." Akisikia mambo matamu ananiambia nirudie. Akisikia habari za ng'ombe anasema, "Huyo hajui kupenda, anajua kuhesabu kwato." Barua ya mwisho ya Chacha wangu ilisema yuko Kyaka, upande wetu wa mto, analinda daraja. Nilifurahi. Nikasema kulinda daraja ni kazi ya kukaa.

Halafu siku moja, mwanzo wa masika, likapita gari la kwenda Tarime, na ndani yake alikuwemo askari mwenye mkono uliofungwa. Gari likasimama mbele ya ofisi ya kijiji. Yule askari akamwita mwenyekiti, akasema, "Nimeagizwa nikipita hapa niseme. Chacha Mwita wa kijiji chenu amefariki. Njiani kwenda Masaka." Mwenyekiti akamuuliza, "Chacha Mwita yupi? Tunao wawili." Yule kijana akacheka vibaya, cheko la mtu aliyechoka. "Mzee, kwenye kikosi chetu nimewahesabu Chacha Mwita sita. Mimi mwenyewe ni Mwita Chacha. Sikuuona mwili, nimeagizwa tu." Gari likaondoka. Sisi tulikuwa tunatoka shambani, majembe mabegani, mimi na Robi. Tukasimama pale barabarani, kila mmoja anamtazama mwenzake kama anatazama shimo.

Nitasema nilichofanya siku ile, kwa sababu sijawahi kukisema. Nilikwenda kanisani. Kanisa letu lilikuwa kibanda cha udongo na mabati machache, benchi za miti, panya wengi. Nilipiga magoti nikasema, "Mungu, wako wawili. Mchukue wa Robi." Sikuzunguka. Sikusema mapenzi yako yatimizwe. Nikamweleza hata sababu, kama vile Mungu ni karani: kwamba mimi nimebatizwa na Robi hajabatizwa, kwamba mimi nina mtoto mchanga na yeye hajazaa, kwamba mama mkwe wake ni mpole kuliko wangu. Nikasali rozari nzima juu ya maneno hayo. Nikatoka pale nikiwa nimepoa moyo, na jioni ile Robi akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasema, "Kunywa. Hujala tangu mchana. Kama ni wako au ni wangu, tumbo halijui."

Kijiji kikasubiri. Mama wakwe wawili hawakusemezana. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwanawe yu hai, na hakika ya mmoja ilikuwa maiti ya mwana wa mwenzake. Redio ikasema Masaka imechukuliwa. Redio ikasema Kampala imechukuliwa, watu wakacheza barabarani, na mimi na Robi tukasimama mlangoni tukipiga makofi kwa adabu. Baada ya hapo ndipo ilipokuja barua.

Mwenyekiti aliileta mwenyewe. Bahasha ilikuwa ya Robi, mwandiko wa Pengo, niliujua, herufi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Robi hakuniambia soma. Alikaa chini tu kwenye ngozi, akafunga mikono magotini. Mama mkwe wake akaja akasimama mlangoni. Mimi nikaifungua, nikaanza kwa macho kabla ya mdomo, kama nilivyozoea. Ilianza vizuri, salamu sana, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Halafu iliandika: Gati, najua ni wewe unayesoma, msomee mwenzio yote, usiruke hata neno moja, na mimi nikirudi nitakuletea kanga. Halafu mstari uliofuata ulisema: Sasa tumeingia Kampala.

Nilikuwa nimeketi, lakini nilisikia kama nimeanguka. Mtu aliyekufa njiani kwenda Masaka hawezi kuandika yuko Kampala. Pengo alikuwa hai. Basi yule wa njiani alikuwa wangu. Alikuwa ametoka darajani, alikuwa amevuka mto, na sikuwa nimeambiwa. Habari hiyo ilikuwa mkononi mwangu, na duniani kote, mstari mzima wa nyumba zile, aliyeijua ni mimi peke yangu. Mama mkwe wa Robi akasema, "Anasemaje?" Robi akasema, "Gati. Yuko wapi? Ni kabla ya Masaka au baada?"

Nikasema, "Anasema wanajiandaa kwenda Masaka."

Ni hivyo tu. Maneno machache. Nikaendelea kusoma salamu, nikasoma habari za ng'ombe mweupe asiuzwe, nikaruka kila palipoandikwa Kampala, nikaruka na mistari mingine mirefu ambayo nitaieleza. Sauti yangu haikutetemeka. Nilisoma vizuri siku ile kuliko siku yoyote. Robi akasikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi akaikunja ndogo, akasema, "Basi ni wangu." Kijiji nacho kikapiga hesabu hiyo hiyo, maana barua za vitani zilichelewa hata miezi: wa Litungu yuko Kyaka analinda daraja, wa Pengo ndiye aliyekuwa anakwenda Masaka. Ikaisha. Asubuhi yake wakamnyoa Robi kichwa.

Watu husema Mungu hajibu. Mimi nasema alinijibu, alinijibu hapana, na mimi nikamsahihisha. Mungu aliandika moja, mimi nikasoma nyingine. Walichinja ng'ombe wa msiba, wakapika kichuri, ile supu chungu ya utumbo tunayoipenda, nami nikala. Nilikula nyama ya msiba wa mume wangu mwenyewe nikiwa na nywele zangu kichwani. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo ninaloliona baya kuliko yote, kwamba ilikuwa tamu.

Miezi ile mitatu nilimtumikia Robi mpaka watu wakanisifu. Nilimchotea maji, nilimkatia kuni, nilimpalilia. Wanawake wakasema, tazameni Wakristo wanavyopendana. Robi alikaa kimya, mdomo wake ule wote umekauka. Asubuhi hakulitazama jua tena. Siku moja tunasaga ulezi akaniuliza, "Gati, Mungu wako anakaa na wafu au anakaa na wazima?" Nikasema, "Na wote." Akasema, "Basi ana kazi. Mimi wangu ni wa kutwa tu, jioni anaondoka." Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nilimwona mtoto wangu amelala, na litungu limetundikwa ukutani, nikasema bado siku moja niwe mke wa mtu. Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilimwambia. Sikumwambia.

Pengo alikuja kwa miguu kutoka Mugumu, wakati wa kuvuna ulezi. Robi alikuwa shambani na kisu cha kuvunia, kichwa chake kimeota nywele fupi kama za mtoto. Alimwona akija na begi la jeshi, akapiga kelele akakimbia, akamwangukia mama mkwe wake, wakaanguka wote kwenye kikapu cha ulezi. Pengo akasimama akasema, "Nimetembea kutoka vitani, mke wangu ananikimbia! Ni hili pengo au ni kitu gani?" Kijiji kizima kikacheka, vigelegele vikapanda, watu wakamgusa mikono, wakamgusa uso. Halafu vicheko vikaanza kukatika kimoja kimoja, kwa sababu watu walikuwa wanapiga hesabu. Kichwa kimoja kikageuka kunitazama, halafu cha pili. Mama mkwe wangu ndiye aliyelia wa kwanza. Vigelegele vya nyumba ile na kilio cha nyumba yetu vilitoka saa moja, mlango kwa mlango.

Aliyeninyoa ni Robi. Alikataa mtu mwingine asinishike. Aliacha mume wake amekaa na wageni, akaja na wembe na maji kwenye bakuli, akanilaza kichwa mapajani mwake. "Kichwa chako kizuri," akasema. "Changu kilikuwa kama kiazi. Wewe utapendeza." Machozi yake yalinidondokea sikioni. Mimi sikulia, watu wakasema amepigwa na bumbuwazi. Bumbuwazi gani! Nilikuwa nimeshalia miezi mitatu, kwa siri, porini nilikokwenda kukata kuni.

Siku ya nne Pengo akaja na kanga mpya, imekunjwa bado. Nyumba ilikuwa na watu, Robi anasonga ugali kwenye jiko letu. Akaniwekea mapajani, akasema, "Shemeji, pole. Huu si wakati wake, lakini niliahidi. Ni ya kusoma yote bila kuruka." Robi akageuka, mwiko mkononi. "Uliahidi wapi?" "Kwenye barua, si nilimwandikia? Na lile swali langu, shemeji, la yule kijana mwenye rozari, ulimuuliza katekista?" Robi akasema, "Swali gani?" Pengo akamtazama mke wake, akanitazama mimi, na mimi nikatazama kanga. Ilikuwa na maua ya njano. Mtu mmoja akasema, "Mwacheni mjane apumue," na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Robi akarudi kwenye sufuria. Alisonga ule ugali mpaka ukawa mgumu kama tofali, tukaula hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata Robi alikuja kwenye kisomo. Kijiji kilikuwa na darasa la watu wazima, mchana baada ya shamba, kwenye ukumbi wa ofisi, na mimi kwa darasa langu la nne ndiye niliyekuwa nafundisha wanawake. Nilikuwa nimembembeleza Robi miaka miwili aje, akikataa, akisema macho yake ni ya kutazama mbuzi. Sasa akaja akaketi benchi ya mbele. "Nimechoka kusomewa," akasema, na hakucheka. Nilijua lile kopo la maziwa ya unga liko wapi nyumbani kwake, na nilijua ndani yake kuna barua ile. Ningeweza kumfundisha vibaya. Ningeweza kumwambia hana akili ya kitabu, na angeniamini. Wazo hilo lilikuja, likakaa na mimi siku nzima kama mgeni asiyeaga. Lakini niliona nimechoka. Nikasema, mdomo umenishinda, basi nitamkabidhi ufunguo na mikono yake iufungue mlango. Nikamfundisha. Nilimfundisha kuliko wengine wote. a, e, i, o, u. Ba, be, bi. Nilipofika ka, ke, ki, chaki ilinivunjikia mkononi, nikaokota kipande nikaendelea.

Katikati ya hapo nilikwenda kwa katekista. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, anafuga nyuki, hana maneno mengi. Nikamwuliza swali la Pengo kama lilivyoandikwa, maana nilikuwa nimeliruka kwa mdomo tu, kichwani lilikuwa limekaa. Pengo aliandika kwamba kabla ya Kampala walimkuta kijana wa upande wa pili amelala chini amekufa, na shingoni ana rozari kama ya Gati. Akaandika: huyu naye aliomba asife, na mimi niliomba nisife ingawa sijabatizwa, na risasi zilitoka kwa wote wawili, naomba Gati amuulize katekista, Mungu alitusikiliza vipi sote wawili? Katekista akanisikiliza, akafukuza nyuki mmoja mkononi, akasema, "Mimi nimefundishwa maswali yaliyo kwenye kitabu na majibu yake. Hilo halimo." Nikasema, "Na mtu akiomba mume wa mwenzake afe badala ya wake?" Akafunika mzinga wake kwanza. "Hilo nalo halimo," akasema. "Ukipata jibu, uje uniambie na mimi." Akanipa kipande cha asali kwenye jani, nikaenda nacho nyumbani, nikampa mtoto.

Nilimchukia katekista siku ile. Leo namshukuru. Angenipa jibu ningelibeba likanitosha, ningekuwa mmoja wa wale wanawake wanaojua Mungu anataka nini. Sijui anataka nini. Tangu mwaka ule sijamwomba kitu kwa jina la mtu. Mjukuu wangu wa jeshini alipokwenda Kongo kulinda amani, padri alitaka majina ya kuombea. Nikasema, "Chacha Mwita." Akasema, "Bibi, tunao wengi wa jina hilo." Nikasema, "Ndiyo hao."

Siku ya kufunga kisomo kabla ya mvua, nilisema kila mwanamke aje ubaoni aandike neno moja lake mwenyewe, lolote, nisimsaidie. Waliandika maji, mama, ng'ombe. Mmoja akaandika jina la mume wake akakosea, tukacheka. Robi akaja wa mwisho. Alishika chaki kama anashika kisu. Aliandika polepole, ulimi umetoka nje kidogo, na mimi niliona K, nikaona a, nikaona m, na nilijua kabla hajamaliza. Kampala. Alirudi nyuma hatua moja akalitazama neno. Halafu akanitazama mimi, mbele ya wote wale, na uso wake haukuwa na hasira wala haukuwa na huruma. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri.

"Nimepatia?" akasema.

"Umepatia," nikasema.

Akafuta kwa kiganja cha mkono, si kwa kitambaa, akarudi benchi, chaki nyeupe imemjaa mkononi. Tulipotoka nje tukaenda kisimani pamoja kama kawaida. Nilisubiri aseme. Nilisubiri mpaka ndoo zikajaa. Akasema, "Nisaidie kujitwika." Nikamtwika. Mwaka uliofuata alijifungua Wegesa, na mimi ndiye niliyempokea. Nami nikabaki kwenye nyumba ya marehemu, nikazaa wengine wanne kwa jina lake, kama ilivyo desturi yetu. Anayetaka kushangaa na ashangae. Pengo akazeeka, akafa kitandani, na hakuniuliza tena. Kanga ya maua ya njano sijaivaa hata siku moja. Na Robi, miaka yote hiyo, tumegombana kwa kuku, kwa mipaka, kwa wakwe, ananitukana mbele ya watu na mimi namtukana, hakuitaja barua ile. Nilifikiri amesamehe. Nyakati nyingine nilifikiri amesahau. Mjinga mimi. Alikuwa ananingoja.

Basi Alhamisi ile nilisubiri watu wakae kula. Nikamwambia Wegesa anishike mkono, magoti haya yamekwisha, tukarudi kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, maua ya plastiki yanang'aa. Nikalifungua kopo. Karatasi imekuwa ya njano, imechanika kwenye mikunjo, na chini ya mistari ile, mistari yangu, mtu alikuwa amepiga mstari kwa penseli, kwa mkono mzito wa mtu aliyejifunza akiwa mkubwa. Wegesa akasema, "Mama, nikusomee? Macho yako." Nikasema, "Niache. Kaa hapo usikilize, inakuhusu." Nikavaa miwani. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, kama kuku.

"Mke wangu Robi, salamu sana," nikasoma, kwa sauti, mpaka watu wa upande wa chakula wakageuka. Nikasoma hofu na mashaka. Nikasoma Gati, najua ni wewe. Nikafika pale. Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari, nisiruke.

"Sasa tumeingia Kampala," nikamwambia.